Kofia Nyekundu za Getini

Jumatatu, 3 Machi

Mikono ya sweta imekwisha, bado shingo. Nimefuma tangu chai ya asubuhi. Oda ya masweta ya shule inaniishia na uzi mwekundu umebaki tele, sijui nitaupeleka wapi.

Edina amelala. Anakula, analala, analalamika mgongo. Mimba ya miezi minane, ndivyo ilivyo. Alikuja wiki iliyopita kutoka Geita ajifungulie kwangu, maana mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Mumewe kakubali bila ubishi. Mtu mwema, ila anapiga simu mno.

Leo ilikuwa kliniki ya wajawazito pale zahanati. Nesi kasema kila kitu kipo sawa, halafu kasema akajifungulie hospitali ya mjini. Nikamuuliza, na hili jengo je? Kacheka kwa aibu. Jengo la wazazi liko palepale mbele ya dirisha lake. Limepakwa rangi, lina sola juu ya bati, vitanda vya kujifungulia vimo ndani bado vimefungwa nailoni. Kufuli mlangoni, kufuli getini. Linasubiri mgeni rasmi aje akate utepe. Tumevuna mahindi, tumepanda tena, mgeni rasmi hajapata nafasi.

Kwenda mjini lazima kuvuka korongo. Kiangazi ni mchanga mtupu, watoto wanacheza mpira. Masika ni kitu kingine. Mimi si mwoga wa ovyo. Hili naliogopa.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua tangu alfajiri.

Nyanzala amepoteza mtoto. Ni mkwe wa Mama Ngolo, jirani yangu. Nyumba yao inatazamana na zahanati, njia tu iko katikati.

Uchungu ulimshika mvua ikiwa imeshaanza. Walipofika korongoni na bodaboda, maji yalikuwa yamejaa. Dereva alikataa kuingia, na hakukosea. Wakazunguka kwa njia ya juu, kwenye mawe, kwa miguu. Amejifungulia kando ya mwamba, Mama Ngolo kawashikia khanga juu yao. Mtoto wa kiume. Alilia. Mama Ngolo anarudia hilo kila mara, kwamba alilia. Lakini alikuwa amelowa na baridi ilikuwa kali, na walipofika hospitali alikuwa ameshakwenda.

Nimeandika basi. Sikumwambia Edina. Amejua mwenyewe, kuta zetu nyembamba.

Ijumaa, 7 Machi

Tumezika. Mtoto mchanga hawekewi matanga. Wanawake wachache, kaburi dogo nyuma ya nyumba, wanaume wamesimama kando wakitazama viatu vyao. Kabla ya adhuhuri kila mtu alikuwa amerudi kwenye shughuli zake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nilikwenda na mfuko wangu wa kufumia. Nilisahau kuuacha nyumbani, umekuwa kama mkono wangu wa tatu. Nilikaa karibu na Nyanzala, nikajikuta nimetoa sindano. Mama Ngolo kanitazama. Nilidhani atanifukuza. Kasema, "Endelea tu, Mwalimu." Basi nimeendelea.

Maziwa yameanza kumtoka Nyanzala. Khanga yake imelowa kifuani. Hapo ndipo nimeshindwa, nikatoka nje.

Jumatatu, 10 Machi

Mama Ngolo kaja asubuhi kabla hajaenda mwaloni, kule ufukweni, kuanika dagaa wake. Hakukaa. Kasema jengo lazima lifunguliwe. Nikasema mwenyekiti ameambiwa, mtendaji wa kata ameambiwa, diwani ameambiwa. Kasema anajua, ndiyo maana hataki kumwambia mtu tena.

"Tukiandamana tutaitwa wachochezi," kasema. "Tukipiga kelele watasema tumetumwa. Tukakae tu pale getini. Wewe utufundishe kufuma."

Kufuma nini? Kofia. Yule mtoto kafa kwa baridi.

Nikamwambia mimi nimestaafu ualimu, siasa siitaki, ninataka kukaa kwa amani. Kaniuliza Edina anatarajia lini. Nikamjibu mwanzoni mwa Aprili. Kachukua beseni lake, kaenda.

Nimekasirika mchana kutwa. Jioni nimechonga sindano za ziada kwa vijiti vya mwanzi, nikazisugua kwa msasa.

Jumanne, 11 Machi

Tumekaa. Mikeka miwili, upande wa kivuli wa geti, njia tumeiacha wazi ili mtu asiseme tumeziba. Wanawake wanane, wengi wa umri wangu. Mlinzi kauliza tunasubiri nini. Tunafuma, tumemwambia. Karudi kwenye kiti chake.

Walimu wa siku hizi wanasema usimwambie mwanafunzi kwamba amekosea. Mimi nimesema. Mama Ngolo anavuta uzi kama anafunga gunia, kofia yake inaweza kusimama yenyewe mezani. Nimemfumua mara mbili. Kanuna, karudia.

Uzi ni ule mwekundu wa masweta. Nimefurahi umepata kazi.

Alhamisi, 13 Machi

Mambo mawili.

La kwanza. Usiku wa jana nilianza kofia ya mjukuu wangu. Nzuri, ndogo, ukingo wa kukunja. Asubuhi Edina kaiona, kaninyang'anya. "Mama, unanichuria!" Kweli, kwetu Bukoba nguo ya mtoto haiandaliwi hajatoka tumboni, na huku Usukumani nao ni hivyohivyo. Nilijua. Nilijiona nimesoma sana. Nimeifumua mbele yake.

La pili. Getini nako kumbe ni shida hiyohiyo. Siku mbili wanawake wanafuma na kufumua, kofia hazimaliziki. Nilidhani ni uzembe. Hapana. Kila mmoja ana binti au mkwe mwenye mimba, na hakuna anayetaka kumaliza kofia mtoto bado yumo tumboni. Nimewaeleza ilivyotokea nyumbani. Kisha Mama Ngolo kasema mwiko unakataza kumfumia wa kwako. Juu ya mtoto wa jirani haujasema kitu.

Wamecheka mpaka mlinzi kageuka. Lakini ndivyo tulivyofanya. Mimi ninamfumia mjukuu wa Mama Ngolo wa upande wa binti yake. Mwenye binti anayeishi Kiseke anamfumia mtoto wa mkwe wa jirani yake. Kila mtu ana wake, na si wake. Hadi jioni kofia tano zimekamilika.

Jumatatu, 17 Machi

Mtendaji ni kijana. Shati limenyooka kila siku, viatu vinang'aa hata kwenye tope. Ofisi yake iko nyuma ya zahanati, na njia ni hiihii tunayokaa. Asubuhi lazima apite mbele yetu, jioni apite tena.

Sisi sote tunaweza kumzaa. Basi lazima aamkie. Shikamoo Mwalimu. Marahaba. Shikamoo mama. Marahaba. Shikamoo mama. Marahaba. Mpaka mwisho wa mkeka. Hatuongezi neno. Hatumuulizi kazi wala nyumbani. Tunaitikia, tunaendelea kufuma. Hakuna aliyepanga hivyo, imekuja yenyewe. Akifika kwa wa mwisho sauti imeshakwisha.

Leo kajaribu njia ya mkato. Kasimama, kasema, "Shikamooni akina mama wote." Mama Ngolo kamtazama. "Mwanangu, mama yako alikufundisha kuamkia kwa jumla?" Karudi mwanzo wa mkeka, kaanza upya, mmoja mmoja. Nilicheka kimoyomoyo hadi kitanzi kikanitoka kwenye sindano.

Jumatano, 19 Machi

Mtendaji kapita njia ya nyuma, kwenye dimbwi. Suruali imechafuka hadi magotini. Mtaa mzima umemwona. Kijana anayekwepa kuamkia wazee, hilo hapa halisameheki.

Mchana kaja rasmi. Kaamkia wote kwanza, nikamheshimu. Kisha kasema huu ni mkusanyiko, na mkusanyiko unahitaji kibali. Mama Ngolo kamuuliza kibali cha kufuma kinaombwa dirisha gani, twende tukapange foleni. Kasema jengo litafunguliwa, ratiba ya mgeni rasmi tu ndiyo inasubiriwa, tuwe na subira. Nikamwambia, kwa upole, kwamba mimba haina subira. Sidhani kama ni mtu mbaya. Anamwogopa aliye juu yake, naye anamwogopa wa kwake, na mvua haimwogopi mtu.

Alipoondoka tumetundika kofia zote getini, kila moja kwa uzi wake. Geti la kijivu, kofia nyekundu. Zimependeza. Nimerudi nyumbani nikiimba.

Ijumaa, 21 Machi

Mgambo wawili wametumwa wazitoe. Wa kwanza kanyoosha mkono, karudisha. Kamtazama mwenzake. Mwenzake kasema hajisikii vizuri leo. Wameondoka bila kugusa hata moja. Nilifurahi sana. Nikadhani tumewaingia moyoni.

Edina ndiye kanifungua macho. Kaenda dukani kununua chumvi, karudi anacheka, kisha kicheko kikakatika. Nguo za watoto wachanga. Nyekundu. Zimefungwa kwa uzi kwenye lango la kujifungulia. Vikongwe wamekaa hapo kutwa, hawasemi, wanakunja na kukunjua uzi. "Mama, mtaa mzima unasema mmeweka dawa." Mlinzi naye tangu jana haonekani.

Nimekaa kitandani. Nimefundisha watoto wa nchi hii miaka na miaka, na kitu ambacho mtoto wa darasa la kwanza angekiona mimi sikukiona. Niliona uzi wa bei poa tu.

Jumapili, 23 Machi

Kanisani mzee mmoja kanivuta pembeni baada ya ibada. Kauliza kwa adabu sana kama ni kweli. Adabu yake ndiyo iliyoniuma. Ningependa anitukane. Nimemjibu vibaya, Kwaresima hii hii. Mungu anisamehe, ila si leo.

Jumatatu, 24 Machi

Mbaya zaidi. Leo kliniki, wajawazito wamezunguka mbali na geti. Mmoja kamwambia Nesi hata jengo likifunguliwa yeye haingii mle. Afadhali korongo. Nimemsikia kwa masikio yangu mwenyewe. Binti mdogo, mimba ya kwanza kama ya Edina.

Basi tumeliharibu. Tulitaka wafungue mlango, sasa hata ukifunguliwa hakuna wa kupita.

Nilimgeukia Mama Ngolo nikamwambia tuzitoe. Kakataa. Kasema zikitoka, mgambo watatutoa na sisi. Ndipo nikaelewa. Alijua rangi ile itatisha watu. Nikamuuliza waziwazi, kakiri bila kupepesa. Alijua tangu nilipofungua mfuko wa uzi siku ya kwanza. "Niliona waache waogope. Kwa heshima hawajatusikia." Nikamwambia amewatisha wasiohusika. Akaniambia mjukuu aliyezikwa si wangu. Tumekaa ncha mbili za mkeka.

Na Nyanzala kaja leo. Arobaini haijafika, kaja tu, kakaa katikati yetu, kaomba sindano. Nikamwelekeza. Mkono wake mwepesi kuliko wote niliowafundisha hapa. Nikamuuliza anamfumia nani. Kasema, "Wa Edina."

Nimeogopa. Nasema ukweli, hakuna anayesoma hapa. Mikono iliyomshika mtoto aliyekufa inamfumia wangu. Nilitaka kumwambia amchague mwingine. Sikuthubutu. Nimefika nyumbani nikamwambia Edina, nikitarajia atalia. Kamenya ndizi mbili tatu. Kisha kasema, "Afume."

Jumatano, 26 Machi

Sijalala vizuri. Hatusemezani na Mama Ngolo. Shingo za masweta zote zimekwisha.

Nimeamua. Kesho kliniki ya watoto, mama zao watakuwa wamejaa. Nitazishusha kofia mchana kweupe, mwenyewe, mbele ya kila mtu, na kila mtu atakayetaka kukagua akague. Tukifukuzwa tufukuzwe.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua nyepesi, baridi. Akina mama wamejazana barazani na watoto mgongoni. Nimekwenda getini nikaanza kufungua kofia moja moja. Nikasema kwa sauti ya darasani kwamba huu ni uzi wa masweta ya shule, waliosomesha wanaujua, hauna kitu. Nikawaambia waje waguse. Hakuna aliyesogea. Kina mama wengine waliwafunika watoto uso. Nimesimama pale na kofia mkononi kama muuza mayai aliyekosa wateja.

Edina alikuwa nyuma yangu. Nilimkataza asije. Kaja na tumbo lake, taratibu, kanitoa njiani. Kachukua kofia zote, kazifungua hata zile za juu, akakaa kwenye mkeka akazimwaga mapajani, juu ya tumbo. Akaanza kuzikagua moja moja akikata nyuzi zilizobaki. Akasema, "Mimi ndiye nimebeba. Kama ni uchawi, uanze na mimi."

Nilikuwa nawaambia watu hakuna kitu, na mimi mwenyewe nataka kuziondoa kofia zile juu ya tumbo la mwanangu. Elimu yote ile.

Nyanzala akaenda kukaa kando yake, akamsaidia kukata nyuzi. Wakafanya kazi hiyo wawili kama wanachambua mchicha. Mtoto mmoja barazani alikuwa anakohoa. Mama yake kaja hadi mkekani, kaokota kofia, kaigeuza ndani nje, kainusa. Kamvisha. Kasema, "Baridi hii." Basi. Wa pili kaja, wa tatu, ikawa kunyang'anyana. Mwingine kakosa, kanilaumu kabisa kwamba nabagua.

Mama Ngolo kaangalia yote hayo kutoka ncha yake ya mkeka. Kisha kaja, kaniomba uzi. Kasema waliokosa ni wengi. Ndiyo samahani yake, nimeipokea.

Jumamosi, 29 Machi

Geti tupu, mtaa umejaa. Kofia nyekundu dukani, kofia nyekundu kisimani, kofia nyekundu mwaloni migongoni mwa wanaoanika dagaa. Nilikwenda mjini, Nyamagana, kununua uzi zaidi, mwekundu tena, hapa hapa nitakomaa nao. Sokoni nikaona kichwa chekundu kinapita kati ya mafungu ya nyanya. Nikasimama kama mjinga nikitabasamu.

Mtendaji kapita jioni. Kaamkia wote, mmoja mmoja. Watatu kati yetu walikuwa wamebeba wajukuu, na kila mjukuu ana kofia. Hakujua atazame wapi.

Jumanne, 1 Aprili

Naandika nikiwa hospitali ya mjini, kwenye benchi.

Uchungu ulianza Edina akifua. Mbingu nyeusi upande wa ziwa. Bajaji ilitufikisha korongoni, maji yalikuwa yameanza kuja, ya rangi ya chai ya maziwa, kufika magotini na yanavuta. Dereva kazima injini. Nilisimama pale nikaona mwamba ule wa Nyanzala kule juu, na sikuweza kusogeza mguu. Nilimpigia Mama Ngolo. Sijui hata nilisema nini.

Wamekuja wote wa mkeka. Mama Ngolo kainama, kamwambia Edina apande mgongoni, akamfunga kwa khanga mbili. Kwa miaka mingi amebeba magunia ya dagaa kutoka mitumbwini, maji ya magotini si kitu kwake. Wengine wameshikana mikono upande yanakotoka maji, mstari mzima, ili nguvu ya maji iwakute wao kwanza. Nyanzala alikuwa katika mstari ule. Mimi nilishika ndala za Edina na nilipiga kelele za bure. Ng'ambo bajaji nyingine, aliyoiita dereva wetu kwa simu, ilikuwa inasubiri.

Msichana. Mzima, analia kama ametukanwa. Edina mzima.

Nesi wa wodi ya wazazi aliona sindano kwenye mfuko wangu na kauliza kama ninatoka huko kwa watu wa kofia nyekundu. Wanawaona kila wanapoletewa mtoto mgonjwa, wamekuwa wanajiuliza ni shule gani. Akamwita daktari, mama wa makamo mwenye miwani. Nimewaeleza. Jengo, kufuli, utepe, korongo, Nyanzala. Sikutia chumvi, wala sikupunguza. Daktari kaniuliza mara mbili kama vitanda vimo ndani. Vimo, nikamwambia, na nailoni yake.

Ijumaa, 4 Aprili

Tumerudi jana, maji yamepungua. Wakwe wanagombania jina kwa simu. Niliwaambia wakishamaliza wanijulishe, kwa sasa namwita Bibi.

Nyanzala kaleta kofia. Alikuwa ameimaliza. Kubwa mno, inamfika mtoto puani. Nikasema bila kufikiri kwamba ni kubwa. "Atakua," kasema. Akamtazama mtoto muda mrefu, hakuomba kumpakata. Edina akampa mwenyewe. Nimekwenda jikoni kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Jioni jirani mmoja kanipongeza, kisha kasema sasa nitapumzika na mambo ya getini, maana mimi nimeshapata wangu. Alisema kwa wema. Nilikuwa nimeliwaza hilohilo, kusema kweli. Mgongo unauma, nyumba ina mzazi, kuna uji wa kupika. Hakuna ambaye angenilaumu.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimewapikia uji alfajiri, nimefua nepi, nimekwenda kukaa. Yule binti wa afadhali korongo alipita kwenda kliniki. Bado wiki mbili tatu kwake. Hana mama hapa. Nimeanza kofia yake leo.

Jumatano, 9 Aprili

Wamefungua.

Gari jeupe la kawaida, bila king'ora. Daktari wa miwani na mwanaume mmoja mzee kutoka ofisi za mjini. Walitusalimu, wakaangalia kufuli, wakamwita mtendaji. Alianza kueleza habari ya mgeni rasmi. Daktari hakumkatiza, alimwacha amalize sentensi yote, kisha akanyoosha kiganja. "Ufunguo." Kijana akautoa mfukoni. Alikuwa anatembea nao siku zote hizo.

Kufuli lilikuwa limeshika kutu. Nesi kaleta mafuta ya kupikia, halikukubali, mwishowe mtendaji mwenyewe kakunja mikono ya shati akaligonga kwa jiwe. Hakuna utepe, hakuna hotuba, hakuna ngoma. Mama Ngolo alipiga kigelegele kimoja, kifupi, akajiziba mdomo. Kina mama wameingia na ndoo na mafagio. Kulikuwa na popo. Nesi alikuwa analia huku anachana nailoni za vitanda.

Mtendaji alipokuwa anaondoka nilimwambia pole kwa kazi. Ni neno langu la kwanza kwake zaidi ya marahaba tangu siku ile ya kibali. "Nimeshapoa, Mwalimu," akajibu.

Jumamosi, 12 Aprili

Jua leo. Nepi zimekauka mapema.

Nilimpelekea Nesi uji wa asubuhi. Usiku amezalisha mara ya kwanza, mwanamke ambaye hatumjui hata, alikuwa mgeni wa mtu. Walikuwa wamelala, yeye na mtoto. Dirisha wazi, harufu ya dawa ya kusafishia.

Nyanzala alikuwa mlangoni. Hakuwa na shida yoyote ya kumleta, alisema anapita tu. Nesi kamwambia aingie. Kaingia na ndala mkononi kwa sababu sakafu ilikuwa imepigwa deki. Akaenda hadi kitanda cha pili, kitupu, akakaa ukingoni. Akapapasa godoro. Kutoka pale dirishani nyumba yao inaonekana, mlango wa jikoni, moshi.

Nilikaa naye. Akasema aliinjika maji ya ugali ndipo akatoka.

"Hayajachemka, Mwalimu," akasema. "Nimetembea mpaka hapa, hata hayajachemka."

Akakaa tena kidogo. Kisha akavaa ndala zake akarudi kusonga ugali.